Kikapu Kibarazani

Inapokaribia saa sita mchana, gari hupita taratibu katika njia za msitu nje kidogo ya mji wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Dereva husimama karibu na nyumba ndogo iliyojificha kati ya misonobari, hushuka, huweka kikapu kibarazani, kisha hushika njia. Habishi hodi. Hapigi honi. Ndani ya kikapu mna supu kwenye chupa ya kuhifadhi joto, mkate uliotiwa kitoweo, labda tunda na biskuti. Aliyejifungia humo ndani huenda anamalizia sura ya riwaya, anatunga muziki wa okestra, au amelala fofofo mchana kutwa. Mpeleka kikapu hana habari, wala si kazi yake kujua.

Kikapu hicho kilianza safari kabla taasisi yenyewe haijazaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Marian MacDowell alikuwa akimpelekea mumewe Edward chakula cha mchana katika kibanda cha magogo kilichojengwa msituni, mbali na nyumba, ili mtunzi huyo wa muziki afanye kazi asisikie watu wala kengele ya mlango. Alikiacha kikapu mlangoni, akarudi zake. Nyumba inayoitwa MacDowell, ambayo huhesabiwa kuwa makazi ya kwanza ya wasanii nchini Marekani na ambayo mwaka 2027 itatimiza miaka 120, imekua kutokana na kitendo hicho cha mke kuacha chakula na kuondoka bila kusema neno.

Makala za kumbukumbu ya nyumba za namna hii hupenda kuanza na majina makubwa yaliyopita humo. MacDowell inayo tele, na mengine yatatajwa hapa. Lakini majina hayo hayatuelezi ni kitu gani kiliiweka nyumba hai katika vita viwili vya dunia, mdororo wa uchumi na kimbunga. Kwa hilo ni afadhali kuanzia jikoni na kwenye kuni, halafu kwa mama aliyezunguka Marekani kwa treni akitafuta pesa za kulipia vyote viwili.

Edward MacDowell alizaliwa New York mwaka 1860. Akiwa kijana wa miaka 16 alikuwa tayari yuko Paris, kwenye chuo cha muziki ambako Claude Debussy naye alikuwa mwanafunzi. Kutoka huko alihamia Ujerumani, akasoma utunzi kwa Joachim Raff mjini Frankfurt, na mzee Franz Liszt akamtia moyo aendelee kutunga. Huko Frankfurt ndiko alikokutana na Marian Nevins, Mmarekani mwenzake aliyevuka bahari akinuia kusoma piano kwa Clara Schumann. Mambo hayakwenda kama alivyopanga. Mwalimu aliyempata akawa kijana huyu, mdogo kwake kwa miaka mitatu. Walioana mwaka 1884. Marian, aliyekuwa mpigaji mzuri wa piano, akaufunika muziki wake ili wa mumewe upate nafasi. Lugha ya siku hizo iliita jambo hilo wajibu wa mke. Piano ile ingekuja kufunuliwa tena, kwa sababu ambayo hakuna aliyeitarajia.

Walirudi Marekani mwaka 1888, wakaishi Boston. Mwaka 1896 Edward aliitwa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, awe profesa wake wa kwanza wa muziki. Heshima ilikuwa kubwa na kazi ikawa kubwa kuliko heshima: kufundisha, kusahihisha, kukaa vikao. Muda wa kutunga ukabaki likizo ya kiangazi peke yake. Mwaka huohuo Marian alinunua shamba nje ya Peterborough, lililoitwa Hillcrest, si mbali na mlima Monadnock. Ni kando ya shamba hilo, ndani ya msitu, ambako kibanda cha magogo kilisimamishwa.

Mwaka 1896 ndio pia ulitoka mkusanyo wa Edward wa vipande vya piano uitwao Woodland Sketches, ambao kipande chake cha kwanza, To a Wild Rose, kilikuja kupigwa na kila mtoto wa Marekani aliyepelekwa kujifunza piano. Husimuliwa kwamba Edward alikitupa kwenye kapu la takataka na Marian ndiye aliyekiokota. Iwe kweli au chumvi imeongezwa, kisa hicho kinawaeleza wote wawili vizuri.

Kisha mambo yakaharibika. Edward aligombana na uongozi mpya wa Columbia kuhusu namna sanaa inavyopaswa kufundishwa, na mwaka 1904 akajiuzulu hadharani. Mwaka huohuo aligongwa na gari la farasi katika mtaa wa New York. Afya yake ikadhoofu, akili nayo ikaanza kumtoka, hadi mtunzi aliyekuwa na jina kuliko wote katika nchi yake akawa anakaa dirishani na kitabu cha hadithi za watoto. Alikuwa na miaka arobaini na ushei tu.

Kabla hajapotea kabisa, alikuwa ameacha wazo. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa Chuo cha Marekani mjini Roma, mahali ambapo wasanifu majengo, wachoraji na wachongaji waliishi pamoja, na aliona jinsi mtu wa fani moja anavyonufaika kwa kula meza moja na mtu wa fani nyingine. Alitaka shamba la Peterborough liwe hivyo: kila mtu na kibanda chake mchana, wote mezani jioni. Mwaka 1906 marafiki na wapenzi wa muziki walianzisha mfuko wa kumsaidia, na kati ya waliouunga mkono walikuwemo rais mstaafu Grover Cleveland pamoja na matajiri Andrew Carnegie na J. P. Morgan. Mwaka 1907 Marian alilikabidhi shamba kwa chama kilichoundwa kwa jina la mumewe. Kiangazi hicho wakaja wageni wa kwanza, dada wawili: Helen Mears, mchongaji sanamu, na Mary Mears, mwandishi.

Edward alifariki tarehe 23 Januari 1908. Alizikwa palepale Peterborough.

Marian alibaki mjane wa miaka 50, hana mtoto, ana shamba ambalo si lake tena, ana wazo la marehemu na mfuko usiotosha. Matajiri wametoa walichotoa, wamekwenda. Ndipo alipoifunua piano. Alianza kufanya mazoezi upya, akapanga safari, na kwa zaidi ya robo karne akawa anazunguka miji ya Marekani akipiga vipande vya Edward, akieleza kati ya kipande na kipande ni kitu gani kinachojengwa huko msituni, na kupitisha bakuli. Vilabu vya muziki vilivyojiita vya MacDowell vilichipuka katika miji mingi, vingi vikiendeshwa na wanawake wa makamo walio na piano sebuleni na pesa kidogo za kutoa. Hapa kwetu tungeita harambee. Tofauti ni kwamba harambee hii ilikuwa na msafiri mmoja, na ilidumu miaka mingi kuliko serikali nyingi.

Vibanda navyo vinasimulia hivyohivyo. Studio iitwayo Veltin, kwa mfano, ilijengwa kwa michango ya wasichana waliosoma shule ya Veltin mjini New York. Nyingine ni za vilabu, nyingine za familia. Kila pesa ilipopatikana, Marian alinunua kipande kingine cha ardhi au alijenga chumba kingine. Alisimamia mafundi mwenyewe na kuchagua mahali pa kila studio, akihakikisha kwamba aliye katika moja haioni nyingine, na kwamba mtunzi wa muziki hatamtesa mshairi kwa kurudia ala ileile mara mia moja. Hilo ndilo lililomtofautisha na wafadhili wengi wa sanaa. Yeye aliwahi kuishi na mtu anayetunga, kwa hiyo alijua kelele gani inaua kazi.

Peterborough haikuwa kijiji cha watu wasiojua kitabu. Mwaka 1833 mji huo ulianzisha maktaba ya umma ya bure iliyoendeshwa kwa kodi ya wananchi, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza Marekani. Hata hivyo, wakulima wa eneo hilo la New England kuwaona watu wazima wakipanda mlimani asubuhi kwenda "kufanya kazi" bila jembe wala shoka, bila shaka lilikuwa jambo la kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1910 Marian aliwavuta ndani. Iliandaliwa tamasha kubwa la wazi la historia ya mji, likiongozwa na George Pierce Baker wa Chuo Kikuu cha Harvard, wananchi wenyewe wakiwa waigizaji na muziki ukiwa wa Edward.

Mmoja wa waliokuja kwa shingo upande alikuwa mshairi Edwin Arlington Robinson. Alifika mwaka 1911, mtu mkimya aliyependa mji na kuchukia mikusanyiko, akiamini kwamba hatamaliza hata juma. Alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, kila kiangazi hadi 1934, jumla viangazi 24, akafa mapema mwaka 1935. Katika muda huo alipata tuzo ya Pulitzer ya ushairi mara tatu. Ni vigumu kusema msitu ulimfanyia nini. Ushairi wake haujai ndege wala maua. Umejaa watu wa mji mdogo walioshindwa maisha. Labda alichokuwa akikipata huko ni uhakika kwamba kesho saa sita kikapu kitakuja.

Kwa Amy Beach mambo yalikuwa kinyume: msitu wenyewe uliingia katika kazi. Beach, mzaliwa wa New Hampshire na mwanamke wa kwanza Mmarekani ambaye simfonia yake ilipigwa na kuchapishwa, alifika mara ya kwanza mwaka 1921. Nje ya studio yake aliimba ndege mmoja mdogo wa kahawia. Beach akachukua karatasi, akanukuu nota za ndege huyo kama mwandishi wa habari anavyonukuu hotuba, na katika kiangazi hichohicho akatunga vipande viwili vya piano, kimoja cha jioni na kimoja cha alfajiri, akamwacha ndege aimbe ndani yake. Alirudi kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1944 ilionekana kwamba mapato ya kazi zake ameyaachia MacDowell, kwa hiyo kila zilipopigwa, kuna kuni zilizonunuliwa.

Beach hakuwa peke yake. Watunzi wanawake kama Marion Bauer, Mabel Daniels na Ruth Crawford walipata huko kitu ambacho vyuo na kumbi za miji viliwapa kwa kijiko: piano, chumba kinachofungwa kwa ndani, na wenzao wa kuzungumza nao jioni. Mwanamke wa miaka ya 1920 aliyetaka kutunga nyumbani kwake alikuwa na wageni, wagonjwa na chakula cha jioni juu ya kichwa chake. Kupelekewa kikapu kwake lilikuwa jambo la kushangaza kuliko lilivyokuwa kwa Robinson, kapera ambaye siku zote alipikiwa na mtu mwingine.

Wengine walipata mambo ambayo hawakuyaomba. Kiangazi cha 1922, DuBose Heyward, wakala wa bima kutoka Charleston mwenye ndoto za ushairi, alikutana huko na Dorothy Kuhns, mwandishi wa tamthilia kutoka Ohio. Wakaoana mwaka 1923. Heyward akaandika riwaya ya Porgy, kuhusu maisha ya Wamarekani Weusi wa mji wake, ikatoka mwaka 1925. Dorothy akaona ndani yake mchezo wa jukwaani, nao wakauandika pamoja. Na mwaka 1935 George Gershwin akaugeuza kuwa opera, Porgy and Bess. Wimbo wa Summertime, ambao hata asiyejua opera ni nini huenda amewahi kuusikia redioni, una maneno ya yule wakala wa bima. Kama ilikuwa halali yeye, Mzungu wa Kusini, kuyasimulia maisha hayo, ni hoja ambayo wasanii Weusi wenyewe wameijadili tangu siku ya kwanza na bado haijafungwa.

Mwandishi Thornton Wilder alianza kuja mwaka 1924. Tamthilia yake Our Town, iliyopanda jukwaani mwaka 1938, ina mji wa kubuni wa New Hampshire uitwao Grover's Corners, na watu wa Peterborough hawana shaka kwamba ni wao. Mji uliowahi kuwashangaa wasanii ukaishia kuwa sanaa.

Mwaka huo wa 1938 uliimba na kulia. Tarehe 21 Septemba kimbunga kikali kilipiga New England. Katikati ya Peterborough maji yalifurika na moto ukawaka wakati mmoja. Katika msitu wa MacDowell miti mikubwa ililala chini kama mabua baada ya mavuno; njia zikazibika, majengo yakaharibika. Marian alikuwa na miaka 80. Kazi ya miaka thelathini ilikuwa imelala chini, na nchi ndiyo kwanza inajikokota kutoka kwenye mdororo. Alianza upya kuandika barua za kuomba. Magogo yakaondolewa, paa zikatengenezwa, wasanii wakarudi.

Desturi alizoziacha ni chache na zinaeleweka bila kuandikwa. Mchana hakuna anayekwenda kwenye studio ya mwenzake bila kualikwa. Kifungua kinywa na chakula cha jioni huliwa pamoja katika jengo ambalo zamani lilikuwa banda la shamba, na hapo mtunzi, mchoraji na mwandishi hukaa popote panapopatikana kiti. Baada ya kula, anayetaka husoma au huonyesha alichokifanya, asiyetaka hucheza biliadi. Hakuna anayeulizwa amefikia ukurasa wa ngapi. Akiondoka hajamaliza kitu, hadaiwi.

Waswahili wana methali kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. MacDowell ilifika mahali ambapo methali hiyo haikufika: jembe la mgeni huyu halionekani, na njia pekee ya kumfanya alime ni kumwondolea mengine yote. Aliyewahi kumwona mzee anakaa itikafu msikitini siku za mwisho za Ramadhani anajua jinsi kujitenga kwa mmoja kunavyowategemea wengi. Kuna anayeleta futari, kuna anayeangalia duka, kuna mtoto anayetumwa. Utulivu wa mtu mmoja una gharama, na daima yuko anayeilipa.

Katika kila studio kuna mbao nyembamba zilizotundikwa ukutani, ambazo wakaazi wanaziita mawe ya makaburi kwa umbo lake. Kila anayemaliza muda wake huandika hapo jina na tarehe. Mgeni mpya anapoingia, huanza kwa kuzisoma. Anaweza kugundua kwamba kiti alichokalia kiliwahi kukaliwa na mtu aliyemsoma shuleni, jambo ambalo wengine huliona baraka na wengine huliona mzigo. Wapo wanaokaa siku ya kwanza yote wakitazama ubao badala ya karatasi.

Wazo lenyewe lilisafiri. Katika jimbo la New York, Spencer na Katrina Trask, mume na mke waliopoteza watoto wao wote wanne, waliamua mwaka 1900 kwamba jumba lao karibu na Saratoga Springs litakuwa la wasanii. Nyumba hiyo, Yaddo, ilipokea wageni wa kwanza mwaka 1926. Yaddo ina jumba la kifahari na bustani za waridi. MacDowell ina vibanda. Mwandishi aliyepita kote kuwili ana haki ya kuchagua, lakini kibanda kimoja kilichojengwa kwa senti za wasichana wa shule kina utu ambao jumba la bwana fedha halina.

Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 30, alifika mwandishi Mmarekani Mweusi James Baldwin. Alikuwa ametoka Ufaransa, riwaya yake ya kwanza ilikuwa na mwaka mmoja tu sokoni, mfukoni hana kitu. Insha zake za Notes of a Native Son zikatoka mwaka 1955 na riwaya ya Giovanni's Room mwaka 1956. Angerudi MacDowell baadaye tena. Mtoto wa Harlem, aliyelelewa katika chumba kilichojaa wadogo zake na kujifunza kuandika akiwa amebeba mtoto mkono mmoja, kuwa na nyumba nzima msituni katika nchi ambayo mikahawa mingi isingemhudumia, ni jambo lenye uzito wake. Mwaka huohuo wa 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Utekelezaji ulikuwa bado mbali.

Mtunzi Leonard Bernstein alikuja wakati wa baridi, mwishoni mwa 1970, akikimbia simu. Alikuwa na deni la kazi: muziki wa kufungulia Kituo cha Kennedy mjini Washington. Kazi hiyo, Mass, ilipigwa tarehe 8 Septemba 1971. Mtunzi mwenzake Aaron Copland, ambaye alianza kuja katika miaka ya 1920 akiwa kijana, alirudi uzeeni kwa kazi nyingine: katika miaka ya 1960 alikuwa rais wa taasisi yenyewe. Hivyo ndivyo nyumba hii ilivyojaza nafasi za uongozi wake mara kwa mara, kwa watu waliowahi kula kikapu.

Marian hakuyaona hayo ya mwisho, lakini aliishi kuyaona mengi yaliyotangulia. Alifariki tarehe 23 Agosti 1956, Los Angeles, akiwa na miaka 98, amemzidi mumewe kwa takriban nusu karne. Amezikwa kando yake Peterborough. Mwaka 1960 taasisi ilianza kutoa medali kwa msanii mmoja kila mwaka. Wa kwanza alikuwa Wilder, wa pili Copland, na orodha imeendelea hadi kwa Georgia O'Keeffe, Toni Morrison na Sonia Sanchez. Mwaka 1962 shamba likatangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa. Medali inaitwa Edward MacDowell. Ukiuliza maoni ya anayeandika makala hii, ingefaa iwe na jina la Marian pale nyuma.

Jina la mahali penyewe lilikuwa na shida kubwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja paliitwa MacDowell Colony. Koloni. Katika Kiingereza cha zama za Edward neno hilo lilitumika kwa kundi la wachoraji waliopanga nyumba pamoja pwani au mashambani, na hakuna aliyeona vibaya. Kwa anayezungumza Kiswahili, neno hilo halihitaji kamusi: limezaa mkoloni na ukoloni, na babu zetu walilijua kwa kodi ya kichwa na kiboko. Msanii wa Nairobi au Kinshasa aliyepata barua ya kukaribishwa "koloni" huenda alitabasamu kwa uchungu.

Msitu wenyewe una kumbukumbu yake. Kusini mwa New Hampshire ni ardhi ya asili ya Waabenaki, waliokuwepo kabla ya shamba, kanisa na maktaba. Edward mwenyewe, katika miaka ya 1890, alitunga Indian Suite kwa kutumia tuni za wenyeji wa Marekani alizozipata katika utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 1882. Alizipenda kwa dhati, na alizichukua kitabuni bila kuwauliza wenye nyimbo. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Mwaka 2020, mwaka wa korona na wa maandamano dhidi ya mauaji ya George Floyd, wafanyakazi wa taasisi waliiandikia bodi wakiomba neno hilo liondolewe. Mwezi Julai bodi ilikubali kwa kauli moja, na nyumba ikabaki MacDowell tu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Nell Painter, mwanahistoria Mmarekani Mweusi aliyeandika historia ya dhana ya weupe, na ambaye baada ya kustaafu uprofesa alirudi darasani akasomea uchoraji. Wapo walionung'unika kwamba hayo ni maneno matupu. Lakini kwa nyumba iliyojaa watu wanaoweza kukaa siku nzima wakitafuta neno moja sahihi, kubishana juu ya neno ni kazi ya kawaida, na safari hii waliopata neno sahihi walikuwa watu wa ofisini na jikoni.

Leo MacDowell ina ekari karibu 450 na studio 32. Hupokea wasanii wapatao 300 kwa mwaka, kutoka fani saba: usanifu majengo, filamu, fasihi, utunzi wa muziki, tamthilia, sanaa za uoni, na sanaa zinazovuka mipaka ya hizo zote. Waliopita wamezidi 8,000. Siku moja ya kiangazi, siku ya medali, lango huwa wazi kwa kila mtu. Wananchi huja na watoto na chakula chao, huketi kwenye nyasi, kisha huruhusiwa kuzunguka na kuchungulia ndani ya vibanda. Siku nyingine za mwaka msitu ni wa wakaazi na wapeleka vikapu.

Kuomba nafasi hakuhitaji shahada wala jina. Kinachotazamwa ni sampuli ya kazi, na wanaoisoma ni wasanii wa fani hiyohiyo. Aliyechaguliwa halipii chumba wala chakula, na asiye na uwezo anaweza kusaidiwa nauli na hata posho ya kuacha nyumbani. Milango iko wazi kwa msanii wa nchi yoyote, kwa hiyo msomaji aliye na muswada uliolala kabatini Tanga au Kisumu kwa kukosa majuma machache ya utulivu hana sababu ya kutojaribu. Viza tu ndiyo ajitafutie mwenyewe.